Hita ya maji ya jua

Hita ya maji ya jua ni mtambo unaotumia joto la jua kupasha maji kwa ajili ya kuoga, kufua, kuosha vyombo na mahitaji mengine ya nyumbani. Kwa kawaida huwekwa juu ya paa. Ina sehemu kuu mbili: paneli inayopokea joto la jua, na tangi linalohifadhi maji ya moto hadi yatakapohitajika jioni, usiku au asubuhi.

Mtambo huu ni tofauti na paneli za umeme wa jua, ingawa watu wengi huviita vyote "sola". Paneli ya umeme hugeuza mwangaza wa jua kuwa umeme, nayo kwa kawaida hunasa karibu sehemu moja ya tano tu ya nishati inayoipokea. Paneli ya kupasha maji haitengenezi umeme. Hupokea joto na kulipeleka kwenye maji moja kwa moja, na inaweza kunasa takriban nusu ya nishati inayoifikia. Kwa hiyo, kwa kazi ya kupasha maji, eneo dogo la paneli ya joto hufanya kazi ambayo ingehitaji eneo kubwa zaidi la paneli za umeme.

Hita nyingi za nyumbani hazina mota wala pampu. Maji huzunguka yenyewe kwa sababu ya tofauti ya uzito kati ya maji ya moto na ya baridi. Kwa sababu hiyo, ufanisi wake hutegemea sana mpangilio: kimo cha tangi, mwinuko wa mabomba, mwelekeo wa paneli na uwezo wa tangi kutunza joto. Mtambo wa bei kubwa uliofungwa vibaya hushindwa na ule wa bei ndogo uliofungwa vizuri.

Kanuni za kisayansi

Joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, myuko na mnunurisho. Zote tatu hutumika katika hita ya jua.

Nishati ya jua hufika duniani kwa mnunurisho. Saa sita mchana, anga ikiwa safi, kila mita mraba moja inayoelekea jua hupokea takriban wati 1,000. Mwangaza unapogonga uso mweusi, sehemu kubwa hufyonzwa na kuwa joto; unapogonga uso mweupe au unaong'aa, sehemu kubwa hurudishwa. Ndiyo maana maji katika ndoo nyeusi iliyoachwa juani hupata joto kuliko maji katika ndoo nyeupe.

Joto lililofyonzwa na bamba jeusi hupita kwenye metali hadi kwenye maji yaliyo ndani ya mabomba. Huo ni mpitisho. Kwa kuwa shaba na alumini ni vipitishi vizuri vya joto, ndizo metali zinazotumika zaidi.

Maji yakipata joto hutanuka na densiti yake hupungua. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za sentigredi ina uzito wa takriban gramu 998, lakini lita moja ya maji yenye nyuzi 60 ina takriban gramu 983. Tofauti hiyo ya asilimia moja na nusu yatosha kuyafanya maji ya moto yapande juu na ya baridi yashuke chini. Huo ni myuko.

Kitu chenye joto nacho hutoa mnunurisho, ila hauonekani kwa macho. Kioo hupitisha mwangaza wa jua lakini huzuia mnunurisho huo usitoke, nacho pia hukinga bamba lisipozwe na upepo. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani huwa na joto kali ndani kwa sababu hiyohiyo.

Sehemu za mtambo

Paneli ya kawaida ni boksi pana la metali lenye kina kifupi. Juu lina kioo kigumu kinachostahimili mvua ya mawe. Chini ya kioo kuna bamba jeusi la kufyonza joto, na kwenye bamba hilo yamechomelewa mabomba membamba ambamo maji hupita. Nyuma na pembeni kuna kihami joto, kama vile sufi ya glasi au povu gumu, kinachozuia joto lisipotee.

Tangi lina kuta mbili. Ukuta wa ndani hushika maji, nao hutengenezwa kwa chuma kilichopakwa enameli au chuma kisichoshika kutu. Ukuta wa nje huukinga mtambo na mvua na jua. Kati ya kuta hizo hujazwa povu la kuhami joto. Tangi zuri hupoteza nyuzi chache tu usiku kucha. Tangi lenye kihami kibovu huamka na maji vuguvugu hata kama jana yake jua lilikuwa kali.

Ndani ya tangi la chuma chenye enameli huwekwa fimbo ya magnesi. Magnesi huliwa na kutu kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo fimbo hiyo huliwa kwanza na kulinda tangi. Ikiisha bila kubadilishwa, tangi lenyewe huanza kutoboka.

Hita nyingi huwa na koili ya umeme ndani ya tangi kwa ajili ya siku za mawingu. Koili hudhibitiwa na themostati inayoizima maji yakifikia joto lililowekwa. Iwapo koili huachwa ikiwaka mchana kutwa, umeme hupasha maji kabla jua halijapata nafasi, na mwenye nyumba haoni nafuu katika matumizi ya umeme. Ni vyema iwashwe jioni tu, baada ya kuona kwamba jua halikutosha.

Jinsi maji yanavyozunguka

Mfumo unaotumika zaidi majumbani katika nchi zenye joto huitwa themosifoni. Tangi huwekwa juu kuliko paneli, na viwili hivyo huunganishwa kwa mabomba mawili. Maji baridi hutoka chini ya tangi na kuingia chini ya paneli. Yakipata joto hupanda ndani ya paneli, hutokea juu na kurudi kwenye tangi kupitia bomba la pili. Maji mengine baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huanza wenyewe jua linapopanda, huenda kwa kasi zaidi jua linapokuwa kali, na husimama jua linapotua.

Ndani ya tangi maji hujipanga kwa matabaka: ya moto juu, ya baridi chini. Bomba la kwenda bafuni huchukua maji ya juu kabisa, na bomba la maji baridi huingilia chini. Maji ya moto hutoka kwa sababu maji baridi yanayoingia huyasukuma. Hii ndiyo sababu maji ya mtaa yakikatika, na nyumba haina tangi la akiba, bomba la maji ya moto nalo hukauka ingawa tangi la hita limejaa.

Kitako cha tangi huwekwa juu zaidi ya ncha ya juu ya paneli, mara nyingi kwa sentimita 30 hivi. Usiku paneli hupoa kuliko tangi. Tangi likiwa chini mno, mzunguko hugeuka: maji ya moto huingia kwenye paneli, hupozwa na hewa ya usiku, na joto lililokusanywa mchana hupotea angani.

Bomba linalotoka paneli kwenda kwenye tangi lazima liendelee kupanda bila kushuka mahali popote. Maji yanapopata joto hutoa mapovu ya hewa. Bomba likiwa na mgongo, hewa hukusanyika hapo na kuziba njia. Paneli hubaki na joto kali huku tangi likiwa baridi, na wenye nyumba hudhani kwamba mtambo umekufa.

Pale ambapo tangi haliwezi kuwekwa juu ya paneli, hutumika mfumo wa pampu. Kifaa cha kudhibiti hupima joto la paneli na la tangi, kisha huwasha pampu paneli inapokuwa na joto zaidi. Mfumo huu huruhusu tangi zito kuwekwa ndani ya nyumba, lakini unahitaji umeme na una sehemu nyingi zaidi zinazoweza kuharibika.

Aina za paneli

Paneli bapa ndiyo iliyoelezwa hapo juu. Ni imara, hudumu miaka mingi, na hufanya kazi vizuri mahali penye jua la kutosha na hewa isiyo baridi sana.

Paneli ya mirija ya ombwe huwa na mirija mingi ya kioo iliyopangwa sambamba. Kila mrija una kuta mbili za kioo, na hewa iliyo kati ya kuta hizo imeondolewa. Kwa kuwa ombwe halina chembe za kubeba joto, mpitisho na myuko karibu huzuiwa kabisa. Chupa ya chai hutunza joto kwa kanuni hiyohiyo. Mirija hufanya kazi vizuri kuliko paneli bapa kwenye baridi na upepo. Kwa kawaida kitako cha mrija hung'aa kama fedha kutokana na utando wa bari unaonasa mabaki ya hewa. Utando huo ukigeuka mweupe, ni dalili kwamba ombwe limepotea na mrija unahitaji kubadilishwa.

Pipa-hita ndiyo aina sahili na ya zamani zaidi. Ni pipa jeusi lililojazwa maji na kuwekwa ndani ya boksi lenye kioo. Hapa paneli na tangi ni kitu kimoja. Hutengenezwa kwa gharama ndogo, lakini hupoa haraka usiku, kwa hiyo hufaa zaidi kwa wanaooga jioni.

Mfumo wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja

Katika mfumo wa moja kwa moja, maji yanayopita kwenye paneli ndiyo yanayotumika bafuni. Ni mfumo rahisi na wa bei nafuu.

Katika mfumo usio wa moja kwa moja, ndani ya paneli huzunguka kiowevu kingine, mara nyingi maji yaliyochanganywa na glikoli isiyo na sumu. Kiowevu hicho hupita kwenye ganda linalozunguka tangi au kwenye koili iliyo ndani yake, na kuyapa maji ya kuoga joto bila kuchanganyika nayo.

Mfumo huu hufaa mahali pa aina mbili. Kwanza ni penye baridi ya kugandisha, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kupasua mabomba. Hatari hii ipo pia katika baadhi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki zenye jalidi, kama uwanda wa Kitulo nchini Tanzania na sehemu za Limuru nchini Kenya. Pili ni penye maji magumu, hasa ya visima. Maji hayo yakipata joto huacha ukoko mweupe wa kalsi karbonati, uleule unaoonekana ndani ya birika la kuchemshia maji. Ukoko huo huziba mabomba membamba ya paneli na kuzuia joto lisipite.

Ukubwa na hesabu ya joto

Mtu mmoja nyumbani hutumia takriban lita 30 hadi 50 za maji ya moto kwa siku. Kwa hiyo familia ya watu wanne au watano huhitaji tangi la lita 150 hadi 200.

Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya sentigredi. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 55 huhitaji:

150 × 4.2 × 35 = kilojuli 22,050

Hizo ni sawa na takriban kilowati-saa 6.1 za umeme kila siku. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mita mraba moja hupokea wastani wa kilowati-saa 4 hadi 6 kwa siku. Tukichukua 5, na paneli ikinasa nusu, mita mraba 2 hutoa kilowati-saa 5. Kwa hiyo paneli ya ukubwa huo hukidhi sehemu kubwa ya hitaji, na paneli ya mita mraba 2.5 hulikidhi lote siku ya jua la wastani. Mahali pa joto kama Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya bomba huweza kuwa na nyuzi 28 hivi kabla ya kupashwa, kazi hupungua hadi chini ya kilowati-saa 5.

Maji ya nyuzi 55 ni ya moto mno kwa kuoga, hivyo huchanganywa na ya baridi. Lita 150 za nyuzi 55 zikichanganywa na maji ya nyuzi 20 hutoa karibu lita 260 za maji ya nyuzi 40, yaani ndoo 13 za lita 20.

Kazi hiyohiyo ikifanywa kwa mkaa huonyesha uzito wa jambo lenyewe. Kilo moja ya mkaa ina takriban kilojuli 29,000, lakini jiko la kawaida hupeleka kwenye sufuria karibu sehemu moja ya tano tu. Kupasha lita hizo 150 kungehitaji karibu kilo 4 za mkaa kila siku.

Kuweka mtambo juu ya paa

Paneli hufanya kazi vizuri zaidi inapotazamana na jua. Kusini mwa ikweta huelekezwa kaskazini, na kaskazini mwa ikweta huelekezwa kusini. Karibu na ikweta jua la mchana huwa upande wa kaskazini kwa miezi kadhaa na upande wa kusini kwa miezi mingine, kwa hiyo kosa dogo la mwelekeo halina madhara makubwa.

Hata hivyo, msimu una maana. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, baridi inapokuwa kali, jua la saa sita mchana huwa limeinama takriban nyuzi 32 upande wa kaskazini. Paneli iliyoinamishwa kuelekea kaskazini hupata jua zaidi katika miezi ileile ambayo maji ya moto yanahitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Paneli ya themosifoni haipaswi kulazwa bapa hata mahali palipo juu ya ikweta yenyewe. Mwinamo wa angalau nyuzi 10 hadi 15 huyawezesha maji kupanda, hewa kutoka, na mvua kuosha vumbi juu ya kioo.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya:

Kivuli. Mti au jengo la jirani lisiifunike paneli kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, kwani sehemu kubwa ya joto hupatikana katika muda huo.

Uzito. Mtambo wa lita 200 ukijaa maji hukaribia kilo 300. Kenchi za paa zikaguliwe kwanza, na penye shaka ujengwe mnara au stendi ya chuma.

Tangi la maji baridi. Katika mfumo wa presha ndogo, tangi la akiba huwekwa juu kuliko tangi la hita ili liweze kulijaza.

Mabomba. Mabomba ya kawaida ya plastiki ya maji baridi hulainika na kupinda yakipitisha maji ya moto. Hutumika ya shaba au ya PPR yanayostahimili joto, nayo hufunikwa kwa kihami. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15 na urefu wa mita 10 hubeba karibu lita 1.8. Maji hayo hupoa kila bomba linapofungwa, na humwagwa kila mtu anaposubiri ya moto yafike. Kwa hiyo mtambo uwe karibu na bafu.

Usalama

Maji yanayopashwa hutanuka. Lita 200 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa lita 3 hivi. Ongezeko hilo lisipopata pa kwenda, presha inaweza kupasua tangi. Katika mfumo wa presha ndogo huwekwa bomba la kupumulia lililo wazi juu. Katika mfumo wa presha kubwa huwekwa vali ya usalama, ambayo hufunguka yenyewe presha au joto likizidi. Vali inayodondosha maji mchana inaweza kuwa inafanya kazi yake. Kuiziba kwa kuona kwamba inavuja ni hatari kubwa.

Siku za jua kali maji ya tangi huweza kupita nyuzi 70. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi katika sekunde chache, na ngozi ya watoto na wazee huungua upesi zaidi. Kinga yake ni vali ya kuchanganya inayoongeza maji baridi yenyewe. Penye bomba mbili za kawaida, maji baridi hufunguliwa kwanza.

Maji yanayokaa muda mrefu yakiwa vuguvugu nayo si salama. Bakteria aina ya Legionella huzaliana katika maji yenye joto la nyuzi 20 hadi 45 hivi, na husababisha homa kali ya mapafu mtu anapovuta matone madogo ya maji, kwa mfano bafuni. Ugonjwa huo ulitambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani. Kuyafikisha maji nyuzi 60 mara kwa mara huua bakteria hao. Baada ya siku nyingi za mawingu, au nyumba ilipokaa bila watu, koili ya umeme hutumika kuyapandisha hadi hapo kabla ya kuoga.

Matatizo na matunzo

Paneli isiyo na maji huendelea kupokea jua. Paneli bapa iliyokauka inaweza kupita nyuzi 150, na mirija ya ombwe huweza kupita nyuzi 200. Maji baridi yakiingizwa ghafla kwenye mirija ya namna hiyo, kioo hupasuka. Kwa sababu hiyo, mtambo wa mirija uliokauka kwa ajili ya mgao wa maji hujazwa asubuhi na mapema au usiku, ukiwa umepoa.

Matunzo ya kawaida ni machache. Kioo huoshwa vumbi, hasa wakati wa kiangazi, kabla jua halijawa kali. Uchafu ulio chini ya tangi humwagwa. Fimbo ya magnesi hukaguliwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mapema zaidi kama maji ni ya chumvi. Vihami vya mabomba vilivyochakaa kwa jua au kuliwa na panya hubadilishwa. Ukoko wa maji magumu huondolewa na fundi kwa asidi dhaifu kama ya limau.

Maji ya moto yakipungua, dalili husaidia kutafuta chanzo. Paneli ikiwa na joto kali na tangi baridi, huenda hewa au ukoko umeziba njia. Tangi likiwa na joto jioni na baridi asubuhi, huenda kuna mzunguko wa kurudi nyuma, kihami kibovu, au bomba linalovuja mahali pasipoonekana.

Historia

Mwaka 1767 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza boksi lenye tabaka kadhaa za kioo na kuonyesha kwamba joto la ndani lingeweza kupita nyuzi 100.

Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya hita aliyoiita Climax. Ilikuwa na matangi meusi ndani ya boksi la kioo, na maji yake yalipoa baada ya jua kutua. Mwaka 1909 William J. Bailey wa California alitenganisha paneli na tangi, akaliweka tangi lenye kihami juu ya paneli na kutumia themosifoni. Maji yalibaki ya moto hadi asubuhi, na hita yake iliitwa Day and Night, yaani Mchana na Usiku. Umbo la hita nyingi za leo linatokana na wazo hilo.

Biashara hiyo ilififia California gesi asilia ilipopatikana kwa bei nafuu, ikahamia Florida, na baadaye ikadidimia huko pia. Katika miaka ya 1950 Harry Tabor nchini Israeli alitengeneza upako mweusi unaofyonza mwangaza kwa wingi huku ukitoa mnunurisho kidogo tu wa joto. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 kulirudisha hita za jua katika nchi nyingi.

Matumizi katika nchi mbalimbali

Tangu mwaka 1980 sheria ya Israeli imetaka nyumba mpya za makazi ziwe na hita za jua, na sasa nyumba nyingi sana nchini humo zinazo. Kisiwa cha Kupro nacho kina hita nyingi ukilinganisha na idadi ya watu wake. Jiji la Barcelona nchini Hispania lilianza kutumia kanuni ya namna hiyo mwaka 2000. China ndiyo nchi yenye hita nyingi zaidi duniani, na nyingi ni za mirija ya ombwe. Afrika Kusini ilianza mwaka 2008 mpango wa ruzuku kupitia shirika la umeme la Eskom ili kupunguza mzigo kwenye gridi ya taifa.

Kenya ilitoa mwaka 2012 kanuni zilizotaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yatumie hita za jua. Katika Afrika Mashariki kwa jumla hita hizi huonekana zaidi kwenye hoteli, hospitali, shule za bweni na nyumba za mijini, hasa katika miji ya nyanda za juu yenye baridi.

Faida na mipaka

Faida kubwa ya hita ya jua ni kwamba baada ya kufungwa haihitaji kununuliwa nishati siku za jua. Hupunguza matumizi ya umeme, kuni na mkaa, haitoi moshi, na ile ya themosifoni huendelea kufanya kazi hata umeme ukikatika.

Kikwazo kikuu ni gharama ya mwanzo, ambayo hulipwa yote kwa mara moja ilhali nafuu yake huja kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mpangaji anayelipa umeme mwenyewe hana sababu ya kufunga mtambo kwenye nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba asiyelipa umeme huo haoni faida ya kuufunga. Aidha, mtambo huhitaji maji ya uhakika, paa imara na fundi bomba anayeelewa themosifoni. Mahali palipo na joto mwaka mzima, ambako watu wengi huoga maji ya baridi, manufaa yake ni madogo kuliko nyanda za juu.

Familia isiyo na uwezo wa kununua mtambo kamili inaweza kuanza na pipa-hita, au hata na madumu meusi yaliyojazwa maji na kuanikwa juani tangu asubuhi. Maji hayo hayabaki na joto usiku kucha, lakini jioni huwa na uvuguvugu wa kutosha kuoga, na mkaa ambao ungetumika hubaki kwa kupikia.